Sauti Iliyomtangulia Bisimwa

Wenzangu wa Kasongo, na ninyi wa Kabambare ambao habari hii itawafikia kwa midomo ya wengine, naomba mnikalie kidogo. Mimi ni Sidonie, fundi wa kushona nguo nyuma ya soko. Nyumba ninayotaka kuwasimulia imepakana na yangu. Kati yetu kuna ua wa mianzi tu, na chumvi ikiniishia nilikuwa nanyosha mkono juu ya ua ule, nami napewa. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe. Mengine niliambiwa na msichana aliyekuwapo, na msichana yule hana sababu ya kunidanganya.

Jumapili mchana, baada ya misa, nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Honorine, mama mwenye nyumba, alichambua sombe, yale majani ya mihogo, kwenye beseni. Mume wake Bisimwa alinyosha miguu mirefu juu ya mkeka. Alikuwa fundi wa motopompe, zile mashine za kuvuta maji katika mashimo ya dhahabu. Na Benita, binti yao wa pekee, mwenye miaka kumi na sita, alimfundisha baba yake kuhesabu kwa Kibangubangu. Honorine ni mzaliwa wa Kabambare, Mbangubangu wa kwao kabisa. Bisimwa alikuwa Mushi wa Walungu, kule Kivu ya Kusini. Alikuja kwetu miaka kumi na minane nyuma akifuata dhahabu ya Salamabila, akaona heri kutengeneza mashine kuliko kushuka shimoni. Akaoa, akabaki.

"Papa, anza tena. Kutoka moja," Benita alikuwa anasema.

Bisimwa alianza, akaenda vizuri mpaka sita. Saba ilimkwama kila Jumapili. Aliizungusha mdomoni kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, kisha akatoa neno lisilo la Kibangubangu wala la Kishi, na nyumba nzima ikacheka, na mimi nikacheka upande wangu wa ua.

"Saba ya kwenu iko na miiba," alisema Bisimwa. "Muniache na sita yangu. Mutu anaweza kuishi na sita."

Aliyecheka kupita wote alikuwa Marcellin, mdogo wake Honorine. Kijana huyu aliletwa katika nyumba ile akiwa na miaka kumi na mmoja, baba yao akiwa amekufa. Bisimwa alimlea. Alimsomesha mpaka akapata diploma, akamfundisha kuendesha pikipiki, akamuuguza typhoid iliyotaka kumuua. Sasa Marcellin alikuwa na miaka ishirini na mitatu, diploma yake imo ndani ya plastiki juu ya kabati, na kazi hakuna. Kitu kimoja alikuwa nacho kuliko vijana wote wa Kasongo, nacho ni sauti. Akisoma somo kanisani, hata watoto wachanga walinyamaza.

Hayo ndiyo maisha yaliyokuwa pale. Hayakuwa makubwa, lakini yalitosha.

Kisha vita ya Kivu ikachacha. Bukavu ilipoanguka, watu wakaanza kufika kwetu, wengine kwa miguu, wamebeba magodoro na bibi zao. Na pamoja na watu zikaja habari. Kwamba kati ya wakimbizi kuna wapelelezi. Kwamba adui ameshafika Kabambare amevaa kama muuza sabuni. Hakuna aliyemwona yule muuza sabuni, ila kila mtu alimjua mtu aliyemwona.

Marcellin alikuwa akishinda kwenye kibanda cha kuchajia simu, karibu na maegesho ya pikipiki. Huko vijana walikuwa na grupu lao la WhatsApp. Siku moja alichukua simu akarekodi sauti, ile tunayoita odio, ya dakika tatu. Nitawapa maneno yake, ila kuna kabila alilolitaja, nami sitalitaja. Limetajwa vya kutosha.

"Ndugu zangu," alisema kwa ile sauti yake ya kanisani, "adui hakuje na ngoma. Anakuja na koli ya nguo mukononi, anaomba maji ya kunywa. Mutamujua namna gani? Mumwambie ahesabu. Moja mpaka kumi, kwa Kizimba, kwa Kibangubangu, kwa Kilega, achague mwenyewe. Akikwama, huyo si wa kwetu. Asiwaonyeshe kadi, kadi inanunuliwa. Asiwalilie. Na hata akisema ameoa dada yetu, huyo ndiye mubaya kupita wote, maana ameshaingia ndani ya nyumba."

Hapo niseme dhambi yangu, niiweke mbele yenu. Odio ile ilinifikia nikiwa kwenye cherehani. Nilijua ni Marcellin. Nilijua ile hesabu ameitoa wapi. Nikaona ni maneno ya akili, nikawatumia jamaa zangu wote, pamoja na kaka yangu Bulaimu, anayekaa kwenye njia ya kwenda Kabambare. Nilibonyeza kwa kidole hikihiki ninachosukumia sindano, kisha nikaendelea kushona mkono wa blauzi. Sikufikiri tena.

Kwa siku mbili Marcellin akawa mtu mkubwa. Akipita maegesho, motari, yaani waendesha pikipiki, walimwita "Sauti ya Maniema," jimbo letu zima. Mama wauza mikate walimpa bila kumwomba kitu. Watu wa Kindu na wa Kalemie walimwandikia. Ninyi vijana mliosoma mkakosa kazi mnajua utamu wa jambo hilo. Mtu ambaye hakuna anayemwuliza neno, ghafla anaulizwa.

Mtu mmoja tu ndiye aliyempinga, naye ni Benita. Aliandika mle ndani ya grupu, mbele ya wote: "Mujomba, papa yangu hapitishi sita. Basi yeye pia ni adui?"

Majibu yalikuja kama mawe. Mmoja aliandika juu ya pua yake. Mwingine aliandika kwamba mama yake alifungulia uchafu mlango. Wa tatu aliandika mambo ambayo mtu haandikii msichana. Marcellin aliyasoma yote, na jibu lake likawa kichwa kidogo cha njano kinachocheka. Kisha mwenye grupu akamtoa Benita.

Siku ileile, wakati wa kula, Honorine aliweka simu katikati ya sahani na kuiacha odio iseme mpaka mwisho. Bisimwa alisikiliza mkono wake ukiwa ndani ya bugali.

"Ile hesabu ni yangu," alisema mwishoni. "Umeitoa hapa kwenye mukeka."

"Shemeji, ilikuwa mufano tu," Marcellin akajibu. "Haikuhusu. Wewe watu wanakujua."

"Kasongo wananijua. Sasa toa hiyo kitu."

"Imeshaenda. Haiwezi kurudi."

"Basi tuma ingine. Sema ulikosea."

Honorine aliniambia baadaye kwamba alimwona mdogo wake akitaka kusema ndiyo, na simu yake ikalia. Alikuwa mtu wa Kindu, anataka odio ya pili. Marcellin akatoka nje kuijibu. Bisimwa akamaliza chakula chake polepole, akanawa, akasema, "Ni utoto. Utapita." Hakumfukuza. Alikuwa amemtunza tangu kijana akiwa na miaka kumi na mmoja, na mtu aliyemtunza mtoto huona utoto hata pale ulipokwisha.

Odio ya pili ilitoka juma lile. Ya tatu ikafuata. Jumapili zilizofuata sikusikia tena hesabu ng'ambo ya ua.

Mwezi ulipokaribia kuisha, wachimbaji wa Salamabila walimpigia Bisimwa. Mashine yao imekufa na maji yanapanda shimoni. Wakati huohuo mama mzazi wa Honorine alikuwa mgonjwa kule Kabambare. Wakapatana kwamba Bisimwa atampeleka Benita kwa bibi yake, kisha yeye aendelee Salamabila. Motari wao alikuwa Feruzi, Mzimba wa hapa Kasongo, Mwislamu mtulivu ambaye njia ile aliijua hata kwa mashimo yake.

Asubuhi ile nilikuwa nafagia. Nilimwona Honorine akimfunga baba Benita kitambaa cha vumbi shingoni. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Wewe unapata habari zote. Njia iko namna gani?"

Marcellin alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. "Njia iko muzuri, yaya," akamwambia dada yake. "Haina neno."

Sikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo penye shimo. Ndani ya simu ile mlikuwa na picha. Vijana wa kijiji kimoja cha njia ya Kabambare walikuwa wamempelekea, wamesimama mbele ya kamba iliyofungwa kuvuka barabara, na wameandika: "Sauti ya Maniema, tunatekeleza." Picha ilikuwa na siku nne. Alijua kuna bariere, kile kizuizi cha kamba. Alijua wanahesabisha watu. Lakini kusema mbele ya dada yake, "Kuna bariere, na mimi ndiye niliyeifunga," kulimshinda. Aliona haya. Kwa sababu ya haya yake, akawaacha wapande.

Kijiji kile sitakipa jina. Nikikitaja, kesho mtakichukia chote, na wazee wake, na watoto wake, na hapo nitakuwa nimerekodi odio yangu.

Walifika pale jua likiwa bado upande wa asubuhi. Kamba ilifungwa toka kwenye mnazi hadi kwenye nguzo ya nyumba. Vijana walikuwa kumi na tano hivi, wavulana na wasichana, baadhi wamevaa sare ya shule. Mkubwa wao alikuwa na filimbi shingoni, ile ya mwamuzi wa mpira.

"Mushuke," alisema. "Muhesabu."

Feruzi alihesabu kwa Kizimba, haraka, amekasirika. Wakamwambia asogee. Benita alihesabu kwa Kibangubangu, na kwa sababu alifundishwa na bibi yake, maneno yalitoka laini, na wale vijana wakampigia makofi. Kisha wakamgeukia Bisimwa.

Alihesabu moja. Alihesabu mbili. Alikwenda mpaka sita, akasimama.

"Nitarudilia," alisema.

Akarudilia. Alipofika saba alitoa lile neno lake lisilo la mtu yeyote, na wale vijana wakacheka. Benita aliniambia kwamba baba yake naye alitabasamu. Alikuwa amezoea kuchekewa mahali hapo, na kwa mazoea yake kicheko kile kilikuwa cha watu wanaompenda.

Filimbi ikalia.

"Huyu ni fundi wa pompe," Feruzi akasema. "Miaka kumi na nane iko Kasongo. Mimi namujua, mama yangu anamujua."

"Miaka kumi na nane na hajue saba," akasema mwenye filimbi.

"Ni papa yangu," Benita akasema. "Mama yangu ni wa Kabambare. Ameoa kwenu."

Kijana mmoja mwenye sare ya shule akatoa simu, akabonyeza, na katikati ya barabara ikasikika sauti nzuri, ya kanisani: *Na hata akisema ameoa dada yetu, huyo ndiye mubaya kupita wote.*

Benita alipiga kelele. "Huyo anayesema ni mujomba wangu. Anakula kwetu. Ngojeni nimupigie, atawaambia mwenyewe."

Mtandao ulikuwapo. Mara nyingi njia ile haina mtandao, lakini siku hiyo ulikuwapo. Marcellin aliitika kutoka kwenye kibanda cha chaji. Benita akafungua sauti ili wote wasikie.

"Mujomba, wamemushika papa. Waambie wewe ni nani."

Marcellin akaanza kusema huku analia. "Ndugu zangu, ni mimi. Mimi ndiye nilifanya zile odio. Huyo mutu ni shemeji yangu, amenilea. Mumuachilie. Niko nawaomba."

Wale vijana wakatazamana. Wengine walifurahi kwanza, maana walikuwa wakiongea na Sauti ya Maniema. Mwenye filimbi akachukua simu mkononi mwa Benita.

"Wewe ndiye ulisema hata ameoa dada yetu?"

"Ndiyo, lakini yule ni..."

"Na ulisema tusisikilize mutu analia?"

Kwenye simu kikasikika kilio tu.

"Sasa mbona wewe uko nalia?" Akawageukia wenzake. "Sauti iko ileile, lakini ile ya kwanza haikulia. Hawa watu wamemushika Sauti ya Maniema huko Kasongo. Wanamulazimisha kusema."

Maneno hayo ndiyo yaliyowasha moto. Mpaka pale kulikuwa na wawili watatu waliokuwa na mashaka. Sasa wakaamini kwamba kiongozi wao yuko mikononi mwa adui, na adui mwingine yuko mbele yao. Feruzi alijitupa kati, akavunjwa mkono kwa mchi wa kutwangia mihogo. Bisimwa alisema mara mbili, "Watoto wangu." Hakukimbia, maana Benita alikuwa pale.

Sitawaambia kila pigo. Yalikuwa mawe, na michi, na mwishoni jerekani ya maji iliyojaa. Ilichukua muda mrefu kuliko mnavyofikiri. Mwili wa mtu mzima hauachi kazi yake upesi. Msichana mmoja wa umri wa Benita alimkumbatia kwa nyuma ili asiende kwa baba yake, na wakati wote ule alimwambia sikioni, kwa upole, "Usiogope. Wewe ni wa kwetu."

Simu haikukatwa. Mwenye kibanda cha chaji alinieleza kwamba Marcellin alikaa juu ya kile kiti cha plastiki, simu imeunganishwa na waya, ameishikilia sikioni kwa mikono miwili. Watu walimwuliza kuna nini. Hakuwatazama. Alisikiliza mpaka mwisho, mpaka upande wa pili ikabaki sauti ya mtoto analia na kuku.

Muuguzi wa kijiji kile alikuja mbio kutoka shamba, akawafukuza wale vijana kwa jembe. Alichelewa. Bisimwa alizikwa Kabambare, kando ya baba mkwe wake, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumrudisha Kasongo kwa njia ileile. Polisi walishika watatu. Yule mwenye filimbi hakupatikana, na wengine wanasema yuko migodini kwa jina jingine.

Honorine, aliyekwenda kuzika, alirudi siku ya tano. Benita alibaki kwa bibi yake, haongei. Mimi na wanawake wengine tulikuwa tumejaa uwanjani, tumeketi chini. Marcellin alikuwa amesimama mlangoni, palepale alipokuwa amesimama siku ya safari. Dada yake alimwendea. Tulidhani atampiga, na baadhi yetu tulitamani ampige.

"Ulijua ile bariere?" aliuliza.

"Nilijua, yaya."

"Tangu lini?"

"Siku ine mbele ya safari."

Honorine alitikisa kichwa kama mtu anayesikia bei sokoni. "Mama yake iko Walungu," akasema. "Hajaambiwa. Hakuna mwenye ameweza. Utamwambia wewe. Kwa ile sauti yako."

"Yaya, usinifanye hivi."

"Piga."

Mama yake Bisimwa ni mzee aitwaye Cécilia. Alimjua Marcellin kwa simu tu. Kila Noeli Bisimwa alimpa kijana simu amsalimu, na yule mzee alimpenda kwa namna alivyosema. Marcellin alipiga. Sisi sote tulisikia, maana Honorine alimwamuru afungue sauti. Mzee aliitika kwa furaha. Akauliza hali ya nyumba, hali ya Benita, hali ya mvua. Marcellin alijibu yote, nzuri, nzuri, inanyesha. Kisha akasema kwamba Bisimwa ameuawa njiani na vijana, kwa sababu walidhani ni mtu wa adui.

Halafu sauti ya mzee ikarudi, ndogo sana.

"Na wewe, mutoto wangu? Wewe hawakukugusa? Uko muzima?"

Marcellin alifungua mdomo. Hakuna kitu kilichotoka. Alijaribu tena. Mzee aliendelea kumwita kwa jina, Marcellin, Marcellin, akidhani mtandao umekatika, mpaka salio la Marcellin likaisha.

Honorine akamwambia, "Sasa ondoka katika nyumba ya Bisimwa." Aliondoka na shati alilovaa.

Kabla ya kwenda alirekodi odio moja zaidi. Alisema jina lake lote, akasema alidanganya, akasema hakuna mpelelezi hata mmoja aliyemjua. Ilikuwa ndefu na ya kweli. Najua watu walioipokea, na wengi waliifunga kabla haijafika katikati. Wengine waliandika, "Amenunuliwa." Ile ya kwanza ndiyo waliyoendelea kutumiana. Marcellin sasa yuko Salamabila, anabeba mchanga katika mashimo yaleyale ambayo shemeji yake alikuwa anayakausha. Wanaomwona wanasema haongei. Ukimsalimu anainua mkono tu.

Honorine hakupata nafuu. Alikuwa mama wa kicheko. Leo ukipita kwake anakuuliza unataka nini, unamjibu, anakupa, basi. Nyumba ile ina watu wawili, yeye na Benita aliyerudi, wanaokula kwa zamu ili wasitazamane.

Benita alirudi shuleni mwaka uliofuata. Siku moja, wakati wa mapumziko, msichana wa darasa lake asiyejua habari zake alimwekea simu sikioni. "Sikiliza huyu," akamwambia, "anasema vizuri." Benita aliisikiliza dakika zote tatu. Kisha akamwuliza yule mwenzake, "Ulitumiwa na nani?" Alipopata jina alimwendea mtu yule, akamwuliza hivyohivyo, na yule akamtaja mwingine. Alikwenda hivyo nyumba kwa nyumba, kwa majuma. Kwa kila mmoja alikaa chini na kusema, "Mutu wa kwanza ambaye hii sauti iliua ni papa yangu. Nitakueleza alikuwa nani." Wengine walifuta mbele yake. Wengine walimfukuza. Mmoja alimtemea mate. Sasa wako watano wanaofanya hivyo, yeye na wanafunzi wenzake wanne. Juma lililopita walifika kwenye mlango wa mtu aliyekuwa ameshafunga kamba nyingine barabarani, wakamkuta, wakaketi naye. Walirudi salama. Sijui kama watarudi salama kila mara, na mama yake hajui pia, ila hamzuii.

Fundisho

Vijana wetu, na sisi wazazi wenu tunaotumia vidole kuliko vichwa, hadithi hii inatufundisha kwamba neno la chuki halimchagui adui. Marcellin alilituma kwa watu asiowajua ili liwaumize watu asiowajua. Neno halikujua hayo. Lilikwenda tu likingoja mtu wa kwanza atakayekwama kwenye saba.

Ukisikia sauti inayokufundisha kumtambua mtu kwa pua yake, kwa lugha yake, kwa mahali alipozaliwa mama yake, usiipeleke mbele hata kwa kicheko. Uliza nani anasema na alimwona nani kwa macho yake. Mara nyingi utagundua hakuona mtu. Kisha jibu mlemle ndani ya grupu, kwa jina lako, kama Benita alivyofanya. Na mwenzako akijibu hivyo, usimwache peke yake. Siku ile katika grupu la vijana walikuwamo zaidi ya mia mbili. Wangeandika kumi tu, "Benita amesema kweli," huenda Marcellin angepata mlango wa kutokea. Walinyamaza, na kati yao walikuwamo waliokula mezani pa Bisimwa.

Na wewe uliyekwisha kukosea, usione haya kuliko unavyoogopa damu. Sema mapema. Kuna njia watu watapita kesho asubuhi, na wewe unajua kilichofungwa huko.

Najua kinachowatisha. Anayesema hapana wa kwanza hutukanwa siku mbili, huitwa msaliti, hutolewa kwenye grupu. Ni kweli, na inauma. Basi utukanwe siku mbili. Kuna mjane Kasongo ambaye hazihesabu tena siku zake.